Sura kwa Shaba: Venye Wadosi wa Amsterdam Walijitengenezea Jina

Kuna ticha mmoja wa Amsterdam, Lieven Willemsz van Coppenol. Shika hilo jina, juu nitalirudia mpaka ulichoke. Kazi yake ilikuwa kufunza watoto kuandika, na hati yake ilikuwa nare. Hakuna mtu alibishana na hati. Lakini Coppenol alitaka kitu ingine. Alitaka kila msee Holland ajue uso wake. Akaenda kwa Rembrandt, akachorwa kwa bamba la shaba, karatasi zikachapwa. Akaona haijatosha. Akachorwa tena, kubwa kushinda ya kwanza, moja ya picha kubwa za uso Rembrandt aliwahi kutoa kwa shaba. Hiyo ni kitu 1658. Mwaka huo huo akapitia kwa Cornelis Visscher, fundi mwingine hatari, akachongwa mara ya tatu. Alafu akaanza kusumbua washairi wamwandikie sifa. Joost van den Vondel, malenga namba moja wa Kidachi, akaingia box. Sasa sikia hii: ticha anachukua zile karatasi za sura yake, anaenda pale chini penye nafasi imebaki, na kwa mkono wake, na ile hati nare, anakopi mashairi ya kumsifu yeye mwenyewe.

Manze. Hiyo ni confidence ya kiwango ingine.

Mbuyu wako akicheki hizi picha atasema ni wazungu wa zamani wamevaa nyeusi, hata rangi hakuna, zitakusaidia na nini. Mwache aseme. Mabuda husema hivyo kwa kila kitu hawajaangalia dakika mbili. Wewe kaa hapa nikuchanue, juu hawa watu wa miaka ya 1600 walikuwa wanacheza game ya status kali mbaya, na kila mstari kwa hizo karatasi una bei.

Anza na ganji. Uholanzi ya hiyo time ilikuwa jamhuri. Kulikuwa na wakuu wa nyumba ya Orange wakiongoza majeshi, sawa, lakini mji ka Amsterdam ulikuwa unaendeshwa na wafanyabiashara na familia chache za ofisini. VOC, kampuni yao ya biashara ya Mashariki, ilianzishwa 1602, meli zinaleta pilipili, hariri, kauri. Doh inaingia mpaka watu hawajui wataiweka wapi. Wengi walikuwa wameomoka juzi tu. Mahali pengine Ulaya ulizaliwa bwana, ukakufa bwana, stori imeisha. Holland ilibidi uonyeshe. Kila mtu alikuwa na picha ya rangi kwa ukuta wa keja, hadi waokaji mikate. So picha ya rangi peke yake haikukutoa kwa crowd.

Na picha ya rangi iko na shida moja kubwa: inakaa kwako. Nani anaiona? Bibi yako, wageni wako, na yule dem wa kufagia. Basi. Chapa ya shaba ni stori ingine kabisa. Bamba moja linatoa karatasi mia, mia tano, hadi elfu na zaidi ka limechongwa deep. Sura yako inaingia kwa maduka ya Kalverstraat, pale Amsterdam, penye wauza chapa ka Claes Jansz Visscher na baadaye Clement de Jonghe walikuwa na stock ya kufa mtu. Inaingia kwa vitabu. Inawekwa kwa barua inafika Paris. Msee hujawahi kumwona anakufungia kwa albamu yake, katikati ya maprofesa na maadmirali. Hapo ndio umefika.

Na mnunuzi hakuhitaji kuwa sonko. Gilda moja ilikuwa stuiver ishirini, na fundi wa mkono alikuwa anatengeneza ka gilda moja na kidogo kwa siku. Chapa ya kawaida ilikuwa stuiver chache tu. So mwashi angeweza kutoka job akiwa na sura ya admirali kwa mfuko. Piet Hein alipokamata meli za fedha za Wahispania pale Matanzas, Cuba, 1628, mzigo ulikuwa wa gilda milioni 11 hivi. Nchi nzima ikawaka. Watu walitaka uso wake, na mafundi wa shaba wakawapatia. Mwaka uliofuata akauawa baharini. Sura ikabaki kwa soko.

Sasa hapa ndio penye utamu. Hakuna mtu alikuzuia kujichapisha. Lakini swali ni moja: chini ya uso wako utaandika nini?

Angalia hizi karatasi vizuri. Juu kuna uso kwa fremu ya yai. Chini kuna maandishi, na hayo maandishi ndio mali. Jina. Umri. Cheo. Wakati mwingine nembo ya ukoo. Alafu mashairi ya Kilatini, juu Kilatini kilikuwa kinaonyesha mbogi yako ni ya wasomi. Profesa wa Leiden alikuwa na cha kuandika. Chuo kilianza 1575, na kufikia 1625 Johannes Meursius alikuwa ametoa kitabu kizima cha hao maprofesa na sura zao. Daktari alikuwa na cha kuandika. Mhubiri, admirali, malenga, wote sawa. Lakini ka wewe kazi yako ni kuchemsha sukari na una mkwanja wa kutisha? Utaandika "tajiri"? Utachoma picha mbaya sana. Watu watacheka kutoka Haarlem mpaka Utrecht.

Ndio maana matajiri wengi walienda kwa rangi, tena saizi ya mwili mzima. Mcheki Marten Soolmans na Oopjen Coppit, walichorwa na Rembrandt 1634. Ganji yao ni ya sukari, familia ya Marten ilikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari Amsterdam. Viatu vya Marten vina maua ya lesi makubwa kushinda mikono yake. Ufaransa na Uholanzi zilichanga euro milioni 160 kununua hizo picha mbili, dili ikafungwa 2016. Milioni mia na sitini! Lakini wakati wao, nani alijua Marten anafanana aje? Watu wa nyumba yake. Sura yake haikuenda mahali. Na hiyo sukari, tuiseme vile ilivyo: ilitoka mashamba ya Brazil, na waliokatwa mikono na mitambo ya miwa walikuwa Waafrika waliotekwa wakauzwa. Lesi ya kiatu ilitoka hapo. Mtu akikuambia hii art ni ya kupamba ukuta tu, mwambie aulize nani alilipa, na nani alilipishwa.

Ukitaka kuona Mwafrika wa hiyo enzi akiwa ameshika usukani wa picha yake, tafuta Dom Miguel de Castro. Balozi wa Soyo, huko Kongo, alitumwa mpaka Uholanzi 1643. Alichorwa kwa rangi akiwa na kofia kubwa yenye unyoya, anakuangalia direct. Iko Copenhagen sai. Luku safi, na macho hayaombi mtu ruhusa.

Turudi kwa wahubiri, juu hapa kuna drama. Hao mabuda walikuwa wanasimama kwa mimbari wakipigia kelele vijana: lesi ni dhambi, nywele ndefu ni dhambi, kujipamba ni dhambi. Sawa. Sasa nenda kwa duka la chapa uone sura za nani zimejaa. Wahubiri! Wao ndio walikuwa kati ya waliochapwa zaidi Holland yote. Kila kanisa na fans wake. Na fans walikuwa serious, juu dini ilikuwa imegawanya nchi vipande viwili. Upande wa Remonstrant, waliolegeza mafundisho kidogo, na upande wa wale wakali. Sinodi ya Dordrecht ya 1618 na 1619 iliwatupa Remonstrant nje. Johan van Oldenbarnevelt, mzee wa serikali aliyekuwa upande wao, alikatwa kichwa Mei 1619 akiwa na miaka 71. Johannes Uytenbogaert, mhubiri wao mkuu, akahepa nchi miaka kadhaa.

Sasa ona 1635. Uytenbogaert amerudi, amezeeka, na Rembrandt anamtoa kwa shaba na vitabu vyake mezani. Chini ya sura kuna mistari ya Kilatini. Imeandikwa na nani? Hugo Grotius. Yule msee aliyefungwa kwa ngome ya Loevestein kwa ile ile siasa, akatoroka 1621 akiwa amejificha ndani ya sanduku la vitabu. Sanduku la vitabu, buda! So ukinunua hiyo karatasi hukununua uso wa mzee tu. Unaweka kwa ukuta wako upande wako wa siasa, na kila mgeni akiingia anajua umesimama wapi bila wewe kufungua mdomo.

Lakini uso hauji peke yake. Kuna luku, na hapo lazima tukae kidogo.

Hiyo nyeusi mnadharau ilikuwa ghali. Kitambaa cheusi tii, kisichogeuka kuwa kahawia baada ya mwaka, kilitaka rangi nzuri na fundi anajua kazi. Nyeusi ya bei rahisi ilijitangaza yenyewe kwa jua. Alafu kola. Ile kola nyeupe ya duara, imejaa mikunjo, shingoni, saizi ya sinia ya pilau. Mita na mita za kitani laini, wanga wa kuikaza, chuma moto cha kupanga mikunjo, na mtu wa kukufanyia hiyo kazi. Mtu amevaa sinia hawezi kubeba gunia. Hawezi hata kuangalia miguu yake. Hiyo ndio message: mimi sibebi kitu.

Kufikia miaka ya 1630 vijana walikuwa washahama. Kola bapa, lesi inaanguka mabegani, nywele zimeachiliwa. Wazee wakakataa kuvua sinia. Miaka ya 1640 bado unaona buda kwa chapa amekaa ngumu na sinia lake, kila mtu amesonga mbele. Na ubaya wa shaba ni kwamba luku yako inaganda. Umechongwa na kitu imeisha mtaani, hiyo ndio wajukuu watarithi. Aibu ya kudumu.

Lakini mafundi walipenda hizo kola, acha nikuambie ukweli. Hapo ndio walionyesha mkono. Fundi anashika kijichuma chenye ncha kali, anakisukuma kwa shaba, na shaba inatoka ka uzi mwembamba. Ukisukuma deep, mstari unanona. Ukiachilia, unakonda. Hakuna rangi, hakuna kufuta. Ukikosea unakwangua, alafu unagonga bamba kutoka nyuma mpaka linyooke. Ukimaliza unapaka wino, unapangusa juu wino ubaki kwa mifereji tu, unaweka karatasi yenye unyevu, unapitisha kwa rola nzito. Na kumbuka kila kitu kinatoka kimegeuzwa, kulia ni kushoto, hadi herufi lazima uzichonge kinyume. Hendrick Goltzius wa Haarlem, mkali aliyewaonyesha wote njia kabla ya 1600 na aliyekufa mwanzoni mwa 1617, alichomeka mkono wa kulia akiwa mtoto na haukunyooka tena vizuri. Na mkono huo huo ndio ulisukuma mistari ambayo hakuna mtu Ulaya aliweza kuigiza kirahisi. Mimi huyo ni legend wangu bila maswali.

Delft walikuwa na mpango wa familia. Michiel van Mierevelt anapaka rangi sura za wakuu wa Orange na wadosi wote. Willem Delff anazichonga kwa shaba. Na Delff ameoa binti wa Mierevelt, 1618. So mkuu anakaa kwa kiti mara moja, pesa inazunguka kwa meza moja ya dinner. Chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo, utaona majina: nani alipaka, nani alichonga, nani alichapisha. Uso ni mmoja, wanaokula ni watatu.

Haarlem nako kulikuwa na Frans Hals. Wasomi walimtafuta awapige picha ndogo ndogo za rangi, za kupelekwa kwa mchongaji. 1626 alichora Petrus Scriverius, msomi wa historia, na bibi yake Anna van der Aar, vibao viwili vidogo vya kushika kwa mkono. Jan van de Velde akaitoa ile ya Scriverius kwa shaba. Hals alikuwa na mkono wa haraka hadi sura zinaonekana ziko karibu kukucheka. Na bado 1654 mwokaji mikate alimkamatia vitu vya nyumba juu ya deni. Scriverius akabaki na jina. Hals akabaki na bili ya mkate. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Halafu kuna wale ambao hii kitu iliwapa zaidi ya maringo. Wayahudi wa Kireno wa Amsterdam walikuwa wamefungiwa nje ya vyama vingi vya mafundi. Lakini daktari ni daktari. Ephraim Bueno alichorwa na Rembrandt 1647, anashuka ngazi, mkono kwa mbao ya kushikilia, amesimama kidogo anafikiria mgonjwa wake. Hana kiburi kwa uso. Ana uzito. Na 1642 Menasseh ben Israel, rabi aliyekuwa ameanzisha mtambo wa kuchapa vitabu vya Kiebrania hapo mjini, alichongwa na Salom Italia, Myahudi mwenzake. Mgeni wa jana kwa jiji, leo uso wako uko kwa shaba na jina lako limeandikwa vizuri. Hapo chapa ilikuwa inasema: tuko hapa, na tuna vichwa.

Na mamanzi? Wachache sana. Chapa ilikuwa ya cheo cha public, na cheo cha public wanaume walijigawia wenyewe. So kila nikifika kwa Anna Maria van Schurman wa Utrecht huwa nasimama wima. Huyu hakungoja mtu amchonge. Alijichonga. 1633 alitoa sura yake kwa shaba, mbele yake kibao chenye Kilatini, alafu 1640 akajitoa tena. Chuo cha Utrecht kilipofunguliwa 1636 walimwambia atunge shairi la ufunguzi. Akatunga, kwa Kilatini. Alafu akakubaliwa kuhudhuria masomo akiwa amekaa nyuma ya kiambaza cha kumficha, juu eti wanaume darasani wangechanganyikiwa. Wanaume ndio hawawezi kutulia, yeye ndio anafichwa. Hao maprofesa wazee walikuwa kichekesho kitupu. Wakati wanajadili atakaa wapi, yeye alikuwa anaandika sarufi ya Kihabeshi cha kanisa, Uhabeshi hapa kwetu juu. Na hizo chapa zake zilitembea kwa wasomi wa Ulaya nzima. Walimficha darasani, akajionyesha dunia. Coppenol alihitaji mafundi wawili na malenga. Schurman alihitaji kijichuma na kioo.

Sawa, sasa tufike kwa mwenye alicheza hii game vizuri kuliko wote. Jan Six.

Jan Six alikuwa na miaka 29 hivi, ganji ya familia ilitoka kwa biashara ya hariri na kupaka vitambaa rangi. Mama yake ndio alikuwa anaisimamia. Six alitaka chapa, 1647, kutoka kwa Rembrandt. Angeweza kukaa kwa fremu ya yai na nembo na Kilatini ya aya tatu. Akakataa hiyo yote. Cheki vile ametoka: ameegemea dirisha, kola wazi, anasoma karatasi. Upanga na koti ametupa kando, yaani viko, uone viko, lakini yeye hana haja navyo. Hakuangalii. Ni wewe unamwangalia. Nusu ya chumba ni giza, nyeusi laini mpaka unataka kuigusa, na mwanga wote unaingia na dirisha unatua kwa karatasi yake. Familia ya rangi ya kitambaa imepata nyeusi kali kuliko kitambaa chochote. Kabla ya hapo Rembrandt alikuwa amejaribu kumchora na mbwa anamrukia. Mbwa akatolewa. Safi. Mbwa angeharibu ile utulivu.

Hiyo ndio cool ya ukweli. Msee hajakuambia yeye ni nani, na bado umejua. Miaka mingi baadaye, 1691, akawa meya wa Amsterdam. Ukoo wa Six bado uko Amsterdam na bado una mkusanyiko wake, na lile bamba la shaba lenyewe hawajaliachilia.

Mtaa ulijua hiyo picha ni level gani. 1655 Rembrandt alikuwa kwa mazungumzo ya kununua nyumba kutoka kwa Dirck van Kattenburgh, na hana cash ya kutosha. Makubaliano: sehemu ya bei italipwa kwa kazi za sanaa, na mojawapo ni chapa ya sura ya Otto van Kattenburgh, brathe ya Dirck, iwe na ubora sawa na ile ya Jan Six. Bei iliandikwa: gilda 400. Soma tena. Gilda mia nne, mshahara wa mwaka mzima na zaidi wa fundi, kwa uso mmoja. Na jina la Six limekuwa kipimo, limeandikwa kwa mkataba. Hiyo chapa ya Otto hakuna mtu amewahi kuiona. Dili ilikufa.

Ilikufa juu Rembrandt mwenyewe alikuwa amezama. Jamaa alipenda vitu vizuri, na simlaumu. 1639 alinunua keja Breestraat kwa gilda 13,000, pesa ambayo hakuwa nayo. Mwaka huo huo akaenda kwa mnada kuona picha ya bwana mmoja, Castiglione, iliyochorwa na Raphael wa Italia, ikaenda kwa gilda 3,500. Akaichora haraka kwa karatasi na kando akaandika bei. Alafu akarudi nyumbani akajitoa mwenyewe kwa shaba, mkono umeegemea ukuta wa mawe, kofia imepinda, nguo za kibwana za miaka mia moja nyuma, uso unasema mimi na Raphael ni ofisi moja. Mtoto wa msaga nafaka wa Leiden. Hajaomba mtu cheo. Amejipa. Na kwa maoni yangu alikuwa na haki kabisa.

Lakini deni halina adabu. 1653 Six alimkopesha gilda 1,000. 1656 Rembrandt akaenda kortini kusalimisha mali yake yote, chapa zake, silaha zake za zamani, kila kitu. Vikaenda kwa mnada, 1658 na nyumba ikauzwa. Ni ule mwaka Coppenol anakuja kujipanga kwa picha ya pili. Na kama hiyo haitoshi, kuna chapa nzuri sana ya mzee mmoja mpole, Thomas Haaringh. Kazi ya Haaringh? Kusimamia minada ya watu walioshindwa kulipa. Rembrandt alimchora kwa upole ule ule aliompa daktari Bueno. Hakuna kisasi kwa hiyo shaba. Mimi ningeweka hata pua ndefu kidogo.

Mara ya mwisho Rembrandt alitoa sura ya mtu kwa shaba ni 1665. Profesa Jan Antonides van der Linden wa Leiden, mtu wa tiba, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na mchapishaji anataka sura ya kuweka mbele ya kitabu. Titus, kijana wa Rembrandt, anaenda kumtafutia mbuyu job. Mchapishaji anasita: babako anachora kwa bamba alafu anachoma mistari na asidi tu, mimi nataka ya kuchongwa na chuma, ile inadumu, nichape nyingi. Titus anaruka juu anaapa babake anachonga na chuma sawa na mtu yeyote. Kazi ikapatikana. Rembrandt akafanya vile alivyojua: asidi, mistari laini, nyuma miti kwa kivuli. Ilikuwa laini sana kwa kitabu. Bamba halingevumilia. Haikutumika.

Ukiniuliza, huyo mchapishaji alikuwa na hoja ya biashara na bado alikosa. Kitabu nani anakisoma sai? Bei ya uso kwa hiyo mitaa ilipangwa na cheo, sinia na Kilatini, na mabuda waliamini hivyo vitu vitatu vitawabeba milele. Maprofesa wengi wa kitabu cha Meursius sai hata Leiden huko watu wanapita tu. Waliobaki wanaangaliwa ni wale waliopata mkono mzuri, hata kama hawakuwa wadosi. Clement de Jonghe alikuwa muuza chapa tu wa Kalverstraat, na ile ya 1651 Rembrandt alimtoa amekaa kwa kiti na kofia na glavu, hana cheo hata kimoja chini ya sura, na ni moja ya sura tamu zaidi za karne nzima.

Usiniamini mdomo. Rijksmuseum wameweka hizi chapa kwa tovuti yao, unadownload bure kwa saizi kubwa. Anza na Jan Six ya 1647, zoom mpaka kwa giza la nyuma yake uone mistari ilivyopandana. Alafu mtafute Schurman. Hakuna mtu atakudai hata stuiver moja.